Pip imegoma: ulete kompaila, ubadili Python, uhamie conda au uchukue ya apt?

Umeandika `pip install mysqlclient` ili pip, kisakinishi cha pakeji za Python, ikuletee pakeji ya kuunganisha Python na MySQL, ukaenda kuchemsha chai. Umerudi, skrini imejaa maandishi mekundu toka juu hadi chini, na mwishoni pip inajitoa kwenye lawama: "This error originates from a subprocess, and is likely not a problem with pip." Wengi huudhika na sentensi hiyo, lakini inasema kweli. Pip haina kosa, na mara nyingi pakeji yenyewe haina kosa. Kilichokosekana ni kinu cha kusagia, yaani kompaila: programu inayogeuza msimbo wa chanzo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha.

Pakeji za Python huja kwa sura mbili. Kuna faili la `.whl`, huo ni unga: umeshasagwa, pip inaufungua na kuuweka mahali pake, sekunde chache kazi imekwisha. Kuna na faili la `.tar.gz`, hayo ni mahindi: ndani mna msimbo wa chanzo. Ukiwa wa Python tupu hakuna shida, lakini ukiwa na C, C++ au Rust ndani yake, ni lazima usagwe kwenye kompyuta yako kwanza. Pip ikikosa unga unaolingana na toleo lako la Python, mfumo wako na prosesa yako, hubeba mahindi bila kukuuliza, kisha inaanza kutafuta kinu katika nyumba isiyo na kinu.

Ndiyo maana swali la kwanza si "nitapata wapi kompaila?" Swali ni "kwa nini pip imeamua kusaga?" Mimi nililijua hili kwa hasara. Nilimaliza bando zima nikipakua vifaa vya C++ kwenye Windows, kumbe ningeshusha toleo moja tu la Python, pakeji ingeingia kwa megabaiti chache.

Soma kosa lako kwanza, maana haya makosa hayafanani ingawa yanaleta kero ileile. `Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required` maana yake uko Windows na kompaila haipo. `command 'gcc' failed: No such file or directory` ni hilohilo kwa Linux. `fatal error: Python.h: No such file or directory` ni jambo jingine: kompaila ipo, ila faili za vichwa za Python hazipo. `pg_config executable not found` inasema kinachokosekana ni maktaba ya PostgreSQL. Na `xcrun: error: invalid active developer path` huwatokea sana watu wa Mac waliosasisha mfumo jana yake. Mstari wenye jibu mara nyingi hauko mwisho. Pandisha juu kidogo.

## Tunapima nini

Njia ni nne, na nitazipima zote kwa mizani moja. Bando na nafasi ya diski, kwa kuwa si kila mtu ana intaneti isiyo na kikomo. Ruhusa, yaani kama unahitaji nywila ya msimamizi wa kompyuta. Jasho: muda, na uwezekano wa kutatua kosa moja ukazaa jingine. Kesho yake, yaani itakuwaje utakaposasisha au kuipeleka kazi kwenye seva. Kisha inamfaa nani.

## Njia ya kwanza: kuleta kinu nyumbani

Hii ndiyo njia ambayo ujumbe wa kosa wenyewe hukuelekeza, kwa hiyo wengi huikimbilia. Kwenye Ubuntu na Debian ni `sudo apt install build-essential python3-dev pkg-config`. Kwenye Fedora ni `sudo dnf install gcc gcc-c++ python3-devel`. Kwenye Mac ni `xcode-select --install`. Kwenye Windows unapakua kisakinishi cha Build Tools kutoka Microsoft, na kikifunguka unaweka tiki kwenye "Desktop development with C++". Ukisahau hiyo tiki, kisakinishi kitamaliza kazi bila kulalamika na kompaila haitakuwepo.

Windows ina mtego mwingine. Mtu anasoma "Visual C++" kwenye kosa, anatafuta mtandaoni, anaangukia Visual C++ Redistributable, anaisakinisha mara tatu na kosa liko palepale. Ile ni ya kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa, haijengi chochote. Na hiyo 14.0 isikupoteze pia. Ni namba ya kompaila iliyoanza na Visual Studio 2015, na matoleo yaliyofuata yakaendelea na 14 hiyohiyo.

Bando na diski. Linux ni nafuu, haizidi mamia machache ya megabaiti. Windows ni gigabaiti kadhaa, za kupakua na za kukaa kwenye diski. Mac iko katikati.

Ruhusa. Inahitaji sudo au nywila ya msimamizi. Kompyuta ya maabara au ya ofisini, njia hii mara nyingi inaishia hapo.

Jasho. Kompaila pekee mara nyingi haitoshi. Kujenga lxml kunataka `libxml2-dev` na `libxslt1-dev`. Psycopg2, ya kuunganisha na PostgreSQL, inataka `libpq-dev`. Mysqlclient inataka `default-libmysqlclient-dev`. Kwenye Linux kila moja ni mstari mmoja wa apt. Kwenye Windows hakuna apt, kwa hiyo unaweza kutumia gigabaiti zako zote, kompaila ikaja, halafu kosa likabadilika kutoka "sina kompaila" kuwa "siioni libxml". Na si kila kinu ni cha C. Mwezi Februari 2021 pakeji ya cryptography, toleo la 3.4, ilianza kuhitaji Rust kwa anayeijenga mwenyewe. Waliokuwa wanapokea unga hawakuhisi kitu. Wenye pip ya zamani na wenye kontena za Alpine, Linux ndogo mno, waliamka asubuhi wakidaiwa lugha ambayo hawakuwahi kuisakinisha.

Kisha kuna kumbukumbu. Kwenye seva ndogo ya RAM gigabaiti moja, kusaga pakeji kubwa ya C++ kunaweza kukatwa katikati kwa ujumbe `Killed signal terminated program cc1plus`. Hapo msimbo wako hauna ubaya wowote. Kompyuta imeishiwa pumzi.

Kesho yake. Hapa ndipo njia hii inapong'aa. Mwenye kinu hamsubiri mtu. Python mpya ikitoka, pakeji ikiwa haijasagwa kwa ajili yake, unajaribu kuisaga mwenyewe. Mtu wa Mac tu ndiye atakayelazimika kurudia ile amri mara kwa mara baada ya kusasisha mfumo.

Inamfaa nani. Mwenye Linux, karibu bila kufikiri. Anayetaka kuandika msimbo wake wa C wa kuungana na Python. Na anayetumia mysqlclient kwenye Linux au Mac, kwa sababu pakeji hiyo huko haina unga wa kupakua PyPI, hazina ambako pip huchota pakeji zake. Cha kuchekesha ni kwamba Windows ndiyo inayopata `.whl` yake tayari.

## Njia ya pili: kutafuta unga, usisage kabisa

Njia hii haileti kinu kwenye kompyuta. Inaondoa sababu ya kusaga. Na sababu kubwa kuliko zote, kwa niliyoyaona, ni Python mpya mno. Toka toleo la 3.9 la mwaka 2020, Python hutoa toleo jipya kila Oktoba: 3.13 ilitoka Oktoba 2024, 3.14 Oktoba 2025. Wenye pakeji huhitaji wiki kadhaa, wengine miezi, kusaga unga wa toleo hilo. Mwanafunzi anayepakua Python siku hizo hupewa lile jipya, halafu anashangaa mbona kitu kilichoingia kwa mwenzake kwa sekunde tano kwake kinadai Visual C++.

Uhakikishe hivi. Andika `python -VV` uone toleo lako na, ukiwa Windows, kama ni la biti 64. Fungua ukurasa wa pakeji kwenye PyPI, sehemu ya mafaili ya kupakua, usome majina. Faili lenye `cp312-cp312-win_amd64` ni la Python 3.12, Windows, biti 64. Kama una 3.14 na huoni `cp314` popote, wala `abi3`, ambayo ni alama ya unga mmoja unaofaa matoleo mengi, umeshapata jibu lako.

Sasa tiba. Anza na iliyo rahisi kuliko zote: `python -m pip install --upgrade pip`, kwa sababu pip ya zamani haitambui majina ya kisasa ya unga wa Linux na inaweza kuupita ukiwa mbele ya macho yake. Kisha jaribu `pip install --prefer-binary` na jina la pakeji. Kwa kawaida pip hupenda toleo jipya hata kama ni mahindi matupu. Kwa amri hii itakubali toleo la nyuma kidogo lenye unga. Ikishindikana, weka Python ya nyuma kando ya hiyo uliyonayo, kisha utengeneze mazingira ya mradi, yaani folda yenye Python na pakeji zake peke yake, kwa `py -3.12 -m venv mradi`. Huhitaji kufuta ile mpya.

Tahadhari moja kwa watu wa Windows: Python ikifikia hatua ya kupokea marekebisho ya usalama tu, python.org huacha kuitolea visakinishi. Kwa 3.12 ya mwisho yenye kisakinishi ni 3.12.10, na kwa 3.11 ni 3.11.9. Ukiona ukurasa wa toleo hauna kisakinishi, rudi nyuma hadi hizo.

Wakati mwingine unabadili pakeji badala ya Python. Badala ya `psycopg2` unaweka `psycopg2-binary`, ileile iliyosagwa. Badala ya mysqlclient unaweka PyMySQL, ambayo ni Python tupu na haina cha kusaga.

Bando na diski. Ndogo kuliko zote. Kisakinishi cha Python cha Windows ni megabaiti 25 hivi.

Ruhusa. Hakuna. Python ya Windows hukubali kusakinishwa kwa mtumiaji mmoja bila nywila ya msimamizi.

Jasho. Dogo ukijua unachotafuta. Ukishindwa, angalau unashindwa mapema.

Kesho yake. Hapa ndipo udhaifu ulipo. Unategemea mwenye pakeji asage kwa ajili yako, na kuna mahali hawasagi. Wenye Python ya biti 32 kwenye Windows wanaachwa nyuma mwaka hadi mwaka. Unga wa kawaida wa Linux umesagwa kwa mifumo yenye glibc, maktaba ya msingi ya C, ilhali Alpine hutumia nyingine iitwayo musl. Unga wa musl ulipata jina lake rasmi mwaka 2021, na si kila pakeji inao. Anayejifunza kwa simu ndani ya Termux, programu ya Android ya kuandikia amri kama za Linux, naye hawezi kuutumia ule wa Linux ya kawaida. Kwake `pkg install python-numpy` itamuokoa na usagaji wa muda mrefu ambao simu yake itaumalizia ikiwa ya moto kama pasi. Mwenye Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 32 ana bahati, kwani mfumo wake huja umeunganishwa na piwheels, hazina ya unga uliosagwa kwa ajili ya prosesa yake. Na mbadala nao wana masharti: watunzaji wa psycopg2 wenyewe wanashauri ile ya `-binary` iwe ya kujaribia na kujifunzia, kwenye seva ya kazi ujenge.

Inamfaa nani. Anayejifunza, mwenye Windows, mwenye bando dogo, na yeyote aliye kwenye kompyuta isiyo yake.

## Njia ya tatu: kuhamia conda

Conda ni duka jingine kabisa, lenye unga wake. Tofauti kubwa na pip ni kwamba haleti Python peke yake; analeta pia maktaba za C zilizo chini yake, zimesagwa pamoja ili zisigombane. Kwa anayefanya kazi za ramani tofauti hii si ndogo. GDAL kwenye PyPI ni mahindi matupu, na kuisaga kwenye Windows ni kazi ya kukukosesha usingizi. Kwa conda ni `conda install gdal`, basi.

Kuna visakinishi vya aina mbili. Anaconda kamili hukaribia gigabaiti moja kupakua na imejaa vitu vingi usivyovihitaji. Miniforge haifiki megabaiti 150, na huchota kutoka conda-forge, hazina inayotunzwa na watu wa kujitolea. Kuna na suala la leseni: toka 2020 masharti ya Anaconda yanayataka mashirika makubwa, yenye watu zaidi ya 200, yalipie hazina yake ya msingi. Kwa mtu binafsi hilo halina uzito. Ofisini, Miniforge inakuondolea maswali.

Bando na diski. Mwanzo ni mdogo, lakini kila mazingira unayounda huongeza mamia ya megabaiti, na mradi wa sayansi ya data huweza kuvuka gigabaiti kadhaa. Mara mojamoja andika `conda clean --all`.

Ruhusa. Hakuna. Hukaa ndani ya folda yako. Zaidi ya hapo, kwenye Linux inaweza kukuletea hata kompaila bila nywila: `conda install -c conda-forge compilers`. Niliwahi kusaidia darasa katika maabara ya chuo ambako mwenye nywila alikuwa amesafiri. Kompyuta zaidi ya kumi, na zote zilipata walichohitaji kabla ya adhuhuri. Tulipakua kisakinishi mara moja tu, kisha kikazunguka kwa flashi.

Jasho. Ni mazoea mapya. Shida huanza mtu anapochanganya conda na pip ovyo ndani ya mazingira mamoja. Weka vya conda vyote kwanza, pip imalizie kile kilichokosekana, na ukishaitumia pip usirudi tena conda kwenye mazingira hayo, tengeneza mapya.

Kesho yake. Nzuri kwa utafiti, kwani faili moja la `environment.yml` litamjengea mwenzako kitu kilekile. Kwa tovuti ya Django itakayoishi kwenye seva ya kawaida, unaweza kujikuta umejifunza kwa conda ilhali kule kuna pip tu.

Inamfaa nani. Watu wa data, ramani, bailojia na hali ya hewa. Mwenye kutengeneza tovuti ndogo haihitaji.

## Njia ya nne: kuchukua ya apt

Hii ni ya Linux tu, na inasahaulika mno. Ubuntu na Debian wameshasaga pakeji nyingi za Python: `sudo apt install python3-psycopg2 python3-mysqldb python3-lxml`. Hiyo `python3-mysqldb` ndiyo mysqlclient kwa jina lake la huko.

Bando na diski. Kidogo. Ruhusa. Sudo. Jasho. Karibu hakuna, na maktaba za C huja zenyewe.

Kesho yake. Unapata toleo lililogandishwa na mfumo wako, kwa Python ya mfumo wako: Debian 12 ina 3.11, Ubuntu 24.04 ina 3.12. Marekebisho ya usalama yanakuja, mapya hayaji. Na kumbuka kwamba kuanzia Debian 12 na Ubuntu 23.04, mwaka 2023, pip hukataa kugusa Python ya mfumo na kukupa kosa la `externally-managed-environment`. Hilo si kosa la kompaila, usilichanganye na haya mengine. Tengeneza mazingira kwa `python3 -m venv --system-site-packages mradi`, yataona za apt na pip itafanya kazi ndani yake.

Inamfaa nani. Mwenye seva ndogo anayetaka kitu kitulie miaka miwili bila kuguswa. Anayefuatilia matoleo mapya atachoka nayo wiki ya kwanza.

## Kulingana na ulipo

Uko Windows, unajifunza, na kosa limekudai Visual C++: anza na njia ya pili. Shuka hadi Python ya nyuma, sasisha pip. Ukiona hata huko hakuna `.whl`, angalia kama pakeji ina mbadala wa Python tupu. Build Tools ziwe za mwisho, na uzipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu mwingine.

Uko Ubuntu na unajenga tovuti ya Django yenye MySQL au PostgreSQL: leta kinu, pamoja na maktaba ya hifadhidata yako. Kwa kuwa seva yako nayo huenda ni Ubuntu, amri ulizotumia leo utazirudia kule neno kwa neno, kwa hiyo ziandike kwenye faili la maelezo la mradi.

Seva ni ndogo na inaua kompaila katikati: usisagie hapo. Chukua ya apt, au saga kwenye kompyuta yako yenye mfumo na toleo lilelile la Python kwa `pip wheel`, kisha ubebe `.whl` uipeleke.

Mnatumia Docker: tazama jina la taswira mliyoanzia. `python:3.12` ina gcc ndani na ni nzito, `python:3.12-slim` ni nyepesi na haina, na zile za Alpine zina musl. Timu inayolalamika kwamba kwenye kompyuta pakeji inaingia na kwenye kontena inagoma, mara nyingi imetoka moja kwenda nyingine bila kujua. Kwenye slim ongeza `build-essential` ndani ya hatua ya ujenzi tu, uiache nje ya taswira ya mwisho.

Kompyuta si yako: njia ya pili kwa mambo madogo, Miniforge kwa makubwa.

Kazi yako ni ramani au takwimu nzito: Miniforge toka siku ya kwanza, hasa kwenye Windows. Ukiwa Linux na una kinu tayari, pip inaweza kukutosha.

Na kama huelewi hata kosa lako liko kundi gani, tumia amri hii uone: `pip install --only-binary=:all:` kisha jina la pakeji. Unaikataza pip isiguse mahindi kabisa. Ikiingia, shida yako ilikuwa toleo tu. Ikijibu `No matching distribution found` na jina umeliandika sawasawa, basi unga wa kompyuta yako haupo, na sasa unajua ni njia zipi tatu zilizobaki.